Kaa na Mmoja: Jinsi ya Kumwangalia Mdudu Mning'inizi Akiwinda na Kuposa

Ukiwa kwenye msitu wa kusini-mashariki mwa Michigan mwezi wa Juni, ukaona kitu kama mbu mkubwa kimejitundika kwenye ukingo wa jani kwa miguu ya mbele, mabawa kimeyatandaza na ncha zake zimekoza weusi, usikipige. Si mbu. Wala si inzi. Damu yako haimhusu. Huyo ni mwindaji, na akiwa dume, akishawinda huenda kuposa, maana kwake bila windo hakuna mke.

Jina lake la kitaalamu ni Hylobittacus apicalis. Hapa nitamwita mning'inizi, yeye na ukoo wake wote wa Bittacidae, kwa kuwa wote wanaishi kwa kuning'inia.

Mimi kwetu Muheza. Huku nilipo nahudumia wazee zamu ya usiku, na asubuhi za Juni nikitoka kazini usingizi hauji upesi, kwa hiyo napitia msituni kwanza. Nayaandika haya kwa Waswahili wenzangu walioko Michigan, Ohio, Indiana, Kentucky na majimbo ya jirani. Mdudu huyu yupo kote huko, na kumwangalia hakutaki darubini wala shahada. Kunataka saa, daftari, na mtu anayeweza kukaa kitako. Mlioko nyumbani msiondoke: ndugu zake wako Afrika Mashariki pia, nitafika kwao.

Mjue kwa miguu

Tatizo la kwanza ni kwamba msitu huo huo umejaa tipula, wale wadudu wa miguu mirefu myembamba ambao watu wengi huwadhani ni mbu waliovimba. Shoga yangu wa Mombasa niliyekwenda naye alikuwa akinionesha kila tipula njiani. "Huyu hapa! Na huyu!" Nikamwambia, shoga, umbo liache, tazama miguu.

Tipula ana mabawa mawili tu, na nyuma ya mabawa hayo ana vijiti viwili vifupi vyenye vichwa vya duara. Mning'inizi ana mabawa manne, yote marefu na membamba. Lakini kuhesabu mabawa ya mdudu aliyeyakunja ni kujitesa, ndiyo maana nasisitiza miguu. Mning'inizi hujitundika kwa miguu ya mbele, pengine akisaidia na ya kati, na ile ya nyuma, mirefu kuliko yote, huiacha wazi hewani. Usidhani imelegea. Inangoja kipite cha kukamata.

Ukipata picha nzuri ya karibu, ikuze mpaka uone mwisho wa mguu. Wadudu wengi wana kucha mbili kila mguu. Huyu ana moja. Pingili ya mwisho hujikunja kurudi nyuma na kuilalia pingili iliyotangulia, na kati ya hizo mbili ndipo windo linapobanwa. Mguu wa namna hiyo unafaa kukamatia na kujitundikia. Kusimamia haufai, kwa hiyo hutamkuta amesimama juu ya jani kama wadudu wengine. Asiporuka, ananing'inia. Anakula akining'inia. Hata kujamiiana, wananing'inia wote wawili.

Uso nao una lake: kichwa kimevutwa kwenda chini kikawa mdomo mrefu, na kwenye ncha ya mdomo ndiko kuna taya. Hulitoboa windo kwa mdomo huo, hufyonza vilivyo laini ndani, kisha ganda huliachia lidondoke. Chini ya jani analopenda kulia, ukiinama vizuri, unaweza kuyaona maganda hayo.

Dume na jike watofautishe kwa ncha ya tumbo. Ya jike huchongoka taratibu. Ya dume imetuna na ina vibanio. Zoea tofauti hii mapema, maana kila kinachofuata kinategemea kujua nani ni nani.

Wakati, mahali na nguo

Kwa Michigan, nenda kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Julai. Juni ndiyo yenyewe. Mlioko kusini zaidi tangulieni kidogo. Mdudu huyu ni wa mchana. Mimi napenda kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, umande ukishakauka na upepo haujachachamaa. Siku ya upepo mkali rudi ukalale. Majani yote yanacheza na wewe huoni kitu.

Tafuta msitu wa miti ya majani mapana, wenye kivuli na unyevunyevu, ambao chini yake pamejaa mimea ya kimo cha goti hadi kiuno: ferni, magugu laini yenye maua ya rangi ya chungwa yanayoota kando ya vijito, na thabai. Wakenya wa bara wanaijua thabai kama mboga; ya huku nayo inawasha vile vile, na waning'inizi wanaipenda kweli. Palipo na miti mirefu na ardhi tupu usipoteze muda.

Mahali ninapopapenda ni Pinckney Recreation Area, kaskazini-magharibi mwa Ann Arbor, hasa njia za miguu zinazoanzia Silver Lake, pale zinaposhuka kwenye mabonde yenye maji. Gari lazima liwe na Recreation Passport, kibali cha kuingia hifadhi za jimbo, ambayo unaweza kuilipia pamoja na usajili wa gari. Jirani na hapo kuna Edwin S. George Reserve, eneo la utafiti la Chuo Kikuu cha Michigan. Kwenye eneo hilo ndiko mtafiti Randy Thornhill, miaka ya 1970 mwanzoni, alikokaa na waning'inizi hawa akipima mawindo yao na kuhesabu dakika za ndoa zao. Nitakayoyaeleza kuhusu posa, msingi wake ni kazi yake. Lakini wewe usiruke uzio. Pale huingii bila ruhusa. Uzio wenyewe una kisa chake: kulungu 6 walifungiwa humo mwaka 1928, na ilipofika 1933 wakahesabiwa kama 160. Haihusiani na wadudu, ila napenda kuikumbuka kila nikipita.

Nguo si jambo la kupuuza. Misitu hiyo ina kupe wa kulungu, na kupe hao hueneza ugonjwa wa Lyme. Vaa suruali ndefu ya rangi isiyokoza, ichomeke ndani ya soksi, na ukifika nyumbani jikague kwapani, nyuma ya magoti na kwenye mstari wa nywele. Mimi huvaa suruali ndani na gauni la kitenge juu, nimelifunga kiunoni. Watu hunitazama, nami huwatazama. Jihadhari pia na poizoni aivi, mtambaa wa majani matatu matatu unaotoa malengelenge ukigusa utomvu wake. Huota palepale wanapopenda waning'inizi. Kabla hujakaa, angalia unakalia nini.

Mtafute kwa macho, si kwa mikono

Mtu akisikia "kutafuta wadudu" anawaza wavu. Acha wavu nyumbani. Kwanza, kukusanya wadudu kwenye hifadhi hizi kunataka kibali. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, mning'inizi ndani ya wavu ni miguu iliyokatika tu. Kinachofaa kuonwa ni anachokifanya, na anakifanya akiachwa.

Tembea polepole pembeni mwa mimea, huku jua likiwa mbele yako kidogo ili mabawa yang'ae. Macho yaelekeze chini ya kingo za majani, usawa wa goti. Unachotafuta ni mstari mwembamba unaoning'inia wima na mabawa yaliyofunguka pande mbili. Ukimshtua, ataruka taratibu, mita mbili tatu hivi, kisha atajitundika tena. Hapo ndipo watu wanapoharibu: wanamfuata mbio. Simama. Mfuate kwa macho, uone alipotua, kisha umkaribie kwa hatua fupi, ukiwa umejipinda ili kivuli chako kisimwangukie.

Ukishawaona kadhaa, chagua dume mmoja. Mmoja tu. Weka kigoda chako kama mita moja na nusu kutoka kwake na ukae. Wengine wataruka pembeni, wataonekana wana mambo makubwa zaidi, waache. Mtu anayehamahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine atawaona mia na hatajua kisa cha hata mmoja. Anayekaa na mmoja kuanzia windo hadi mwisho wa posa ataondoka na hadithi nzima.

Windo: pima ukubwa

Dume mwenye njaa au mwenye nia ya kuoa huruka chini chini kati ya mimea, anatundika kidogo, anaruka tena. Mdudu akipita karibu, au akiwa ametulia kwenye jani, miguu ya nyuma humkamata. Yote hiyo ni chini ya nukta moja, usihuzunike ukiikosa. Utakachokiona ni kwamba aliyekuwa mtupu sasa ameshika kitu.

Hula wadudu wa mwili laini: inzi wa aina aina, vidukari, nondo wadogo, tipula wenyewe, viwavi, na buibui pia. Akishashika hujitundika, akalileta windo mdomoni, akalitoboa, akaonja. Sasa anza kuandika. Wakati mwingine hulila lote. Wakati mwingine hulionja kidogo tu na kulitupa. Na wakati mwingine hulionja, halitupi, halimalizi, hulibeba. Huyo wa tatu ndiye unayemtaka. Anatoka kuposa.

Kwa nini alitupe windo aliloling'ang'ania? Kwa sababu ya ukubwa. Thornhill alipima mawindo kwa kuzidisha urefu na upana katika milimita, akakuta kwamba mpaka uko kama milimita 16 za mraba. Zawadi ikiwa ndogo kuliko hapo, jike hukataa au huvunja shughuli mapema. Wewe huwezi kumwekea rula, lakini unaweza kukisia: inzi wa kawaida wa nyumbani ana urefu wa milimita 6 au 7 na upana kama 3, yaani anavuka mpaka huo kidogo. Kidukari mmoja havuki hata kwa dua. Kwa hiyo jiulize tu, hicho alichoshika kinafikia inzi wa nyumbani? Andika "kinafikia" au "hakifikii," na ukipiga picha utapima vizuri baadaye ukilinganisha na mwili wake.

Posa: washa saa

Dume mwenye zawadi hubadilika mwenendo. Huruka vipande vifupi, hujitundika, na nyuma ya tumbo lake, katikati ya pingili za kuelekea mwisho, vijifuko vidogo hujitokeza nje. Humo ndimo inamotoka feromoni, harufu ya kuwaita majike. Pua yako haitaipata, lakini vijifuko unaweza kuviona kwa lenzi ya mkononi, na ukiviona tu usijitikise.

Jike akija hujitundika mbele yake, uso kwa uso. Dume humsogezea windo bila kuliachia. Hapo tuseme ukweli, hayo ni mahari, na mahari ya kwao haikopeshwi: jike hutoboa na kuonja kabla hajakubali lolote. Huku akila, dume hulipinda tumbo lake kulitafuta la jike. Wakishaungana, washa saa ya simu.

Sasa nitakupa namba, maana bila namba hizi utakuwa unatazama wadudu wawili wakining'inia na kupiga miayo. Thornhill aliona kwamba katika dakika 5 za mwanzo dume hapitishi mbegu, au hupitisha chache mno. Baada ya hapo zinaongezeka kadiri dakika zinavyokwenda, mpaka kufikia kama dakika 20, na hapo ndipo dume anapokuwa amepitisha anachoweza. Jike naye hukaa kadiri chakula kinavyodumu. Zawadi ndogo ikiisha dakika ya saba, anajichomoa na kuondoka, na dume amepata kidogo. Hata kubwa haitoshi kama ni mbaya: wale wadudu wekundu wenye madoadoa meusi, kombekombe wachungu, wakitolewa kama zawadi, jike huonja na kujitoa baada ya dakika chache.

Kwa hiyo saa yako ndiyo kipimo. Chini ya dakika 5, posa imevunjika. Kati ya 5 na 20, nusu nusu. Zaidi ya 20, mara nyingi atakayevunja ni dume mwenyewe, na hapo tazama kwa makini kuliko muda wote, kwa sababu hufuata ugomvi. Kila mmoja anavuta windo lililobaki. Mara nyingi dume hushinda, na kama bado lina kitu, humwita nalo jike mwingine. Nikimsimulia mama kwa simu, alicheka mpaka simu ikakatika, akanipigia tena kuuliza, "Na huyo wa pili anajua ni kiporo?"

Jike aliyemaliza shughuli kamili hakubali dume mwingine kwa saa kadhaa. Huo ni muda wa kutaga. Aliyekatisha mapema hutafuta dume mwingine. Kama umeona dakika ziliishia wapi, unaweza kubashiri jike yupi atafanya nini, kisha ukangoja kuona. Mimi hii ndiyo sehemu inayonifanya nichelewe kulala.

Jambo moja zaidi kabla sijaondoka hapa. Majike wa aina hii huwinda kidogo sana, kwa kuwa wanalishwa. Madume ndio wanaozurura, na anayezurura ndiye anayenasa. Kagua utando wa buibui ulio kwenye mimea hiyo: waning'inizi utakaowakuta humo, wengi watakuwa madume.

Mwizi mwenye sauti ya jike

Kusema kweli sauti hana, lakini mwenendo anao. Madume wengine hawawindi. Humwendea dume mwenye zawadi, hujitundika mbele yake na kujishusha kama jike afanyavyo, tumbo akalitega kama jike. Mwenye zawadi akadanganyika, akasogeza windo. Mwizi akishalishika vizuri, analivuta na kukimbia nalo, kisha analitumia kuposa. Thornhill aliichapisha habari hii kwenye jarida la Science mwaka 1979, na ukiishuhudia mara moja utaelewa kwa nini alihangaika kuiandika.

Namna ya kumtambua: kila mara jike akija, kabla ya kuandika "jike," tazama ncha ya tumbo. Imetuna? Ina vibanio? Basi anza kuhesabu nukta, maana ujanja huu hauchukui dakika. Anayeibiwa akigutuka mapema, wawili hao hukunjana hewani na windo huanguka, kila mtu akakosa. Faida ya mwizi iko wazi: anaokoa muda, na hajipeleki kwenye utando wa buibui.

Daftari na picha

Mstari mmoja kwa kila windo unatosha. Wangu unakwenda hivi, kwa mfano: "Saa 4:20 asubuhi. Dume, thabai, usawa wa goti. Windo: inzi, linafikia. Ameonja, amebeba. Jike saa 4:31. Wametengana saa 4:54. Windo kwa dume." Ukiandika maneno mengi kuliko hayo utakuwa unaandika huku mambo yanapita.

Picha: simu ya kawaida inatosha kwa mwenendo, ila kwa kumtambua mdudu ongeza lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera. Weka kadi ya rangi moja nyuma ya mdudu ikiwa unaweza kuifikisha bila kugusa jani, la sivyo simu itaona majani ya nyuma na kumsahau yeye. Usitumie mwanga wa kumulika. Piga tatu: moja ya ubavuni inayoonesha mabawa yote, moja ya ncha ya tumbo, moja ya mwisho wa mguu. Ukipandisha iNaturalist, tovuti ambako watu hutambuliana viumbe kwa picha, hizo tatu ndizo wanazozitaka wanaotambua.

Ndugu zake wengine

Ukoo wa Bittacidae una spishi zaidi ya 200 duniani, na Marekani kaskazini ya Meksiko ina kama 10 tu. Ukishamzoea huyu wa ncha nyeusi, msitu ule ule utakupa jamaa wa jenasi ya Bittacus: B. strigosus, B. stigmaterus, B. pilicornis mwenye vipapasio vyenye manyoya. Dalili ya haraka ni mabawa. Wa ncha nyeusi hujitundika ameyatandaza; hawa huyakunja yakalala mgongoni, kwa hiyo ni wagumu zaidi kuwaona. Usibebe kanuni za zawadi ukazitumia kwao wote bila kutazama, kila spishi ina taratibu zake.

Mswahili wa California ana bahati ya peke yake. Kule kuna Apterobittacus apterus, mning'inizi asiye na mabawa kabisa. Anaishi kwenye nyasi, anapita shina hadi shina kwa miguu yake mirefu, na anawinda humo humo. Mtafute majira ya kuchipua, nyasi zikiwa bado mbichi. Asiye na mabawa mwingine yuko Afrika Kusini, upande wa Rasi ya Magharibi, anaitwa Anomalobittacus gracilipes. Wawili hao wametengwa na bahari nzima na wamepoteza mabawa kila mmoja kwa njia yake.

Australia wana Harpobittacus, wenye rangi ya chungwa iliyoiva na weusi, hawajifichi hata kidogo. Nao hutoa zawadi. Aliyeeleza mwenendo wao mwaka 1966 ni George Bornemissza, ambaye Waaustralia wanamjua zaidi kwa kuwaletea mende wa kula kinyesi cha ng'ombe. Na China, huko Daohugou, Mongolia ya Ndani, ilichapishwa mwaka 2012 habari ya kisukuku cha jamaa wa karibu wa ukoo huu, Juracimbrophlebia ginkgofolia, cha miaka kama milioni 165, ambaye mabawa yake manne akiyafungua yalifanana na jani la mti wa ginko. Tangu zama za dinosauri, watu hawa kazi yao ni kujitundika na kujifanya sehemu ya mti.

Watoto wao hawaning'inii. Jike huachia mayai yakadondoka tu chini kutoka pale alipo; ya Bittacus yana pande bapa, karibu mchemraba. Mabuu yanafanana na viwavi, yanaishi kwenye majani makavu na udongo, hula wadudu waliokufa, na mabuu ya Bittacus hujipaka udongo mwili mzima mpaka hutayaona. Kama una kipande cha msitu nyuma ya nyumba yako, acha kuyafagia majani yote wakati wa vuli. Majirani watasema. Waache waseme.

Kwa mlioko nyumbani

Afrika kusini ya Sahara haina wale jamaa za mning'inizi ambao dume ana ncha ya tumbo iliyopinda kama mkia wa nge. Oda nzima ya Mecoptera, yaani kundi kubwa lenye koo zote hizo, kwetu inawakilishwa na waning'inizi peke yao, wengi wao wa jenasi ya Bittacus. Rangi zao ni za kahawia iliyofifia, za nyasi zilizokauka. Mpwa wangu wa Muheza nimemwelekeza hivi, nawe fanya hivyo hivyo.

Ngoja mvua zianze na nyasi zipande. Mchana pita pembeni mwa nyasi ndefu na chini ya miti, polepole, ukitazama vitu vinavyoruka kwa uvivu na kujitundika tena. Usiku ni rahisi zaidi, kwa sababu hawa wa Afrika hupenda kuja kwenye taa. Tundika shuka jeupe kwenye kamba ya kuanikia, weka taa ya umeme au ya sola mbele yake mbali na taa nyingine, na ukague kila baada ya nusu saa mpaka saa tano usiku. Kagua na ukingo wa shuka na kamba yenyewe, maana mning'inizi hatasimama katikati ya shuka kama nondo. Tipula watakuja kwa wingi. Hesabu mabawa: mawili, mwache, manne, ita wenzako.

Akipatikana, picha zile zile tatu: mabawa, ncha ya tumbo, mwisho wa mguu. Andika kijiji, tarehe, saa, na kama ameshika kitu, andika ameshika nini na kinafikia inzi wa nyumbani au la. Kisha zima taa, maana popo nao wameshajua shuka liko wapi.